Maji Matamu Juu ya Maji ya Chumvi

Msafiri afuataye njia ya pwani kutoka Pangani kwenda kusini, akiisha kuuvuka mto na kukipita Kipumbwi, hufika Mkwaja. Mkono wake wa kushoto ni Bahari ya Hindi. Mkono wake wa kuume ni pori la Hifadhi ya Saadani. Minazi imesimama, nchi ni ya kijani, na wakati wa masika madimbwi hujaa njiani. Mgeni hawezi kudhani kwamba watu wa nchi kama hii wanaweza kuhangaikia maji. Lakini na aombe maji ya kunywa mwishoni mwa kiangazi, katika kijiji chochote cha mwambao huu kitegemeacho visima vya kuchimbwa kwa mkono, naye huenda akapewa kikombe ambacho ladha yake itamweleza mambo yote kabla mwenyeji hajafumbua kinywa.

Juma hili twapenda kufundishana habari ya maji ya pwani: yanakotoka, sababu ya kuharibika kwake, jinsi ya kuyasafisha, na jinsi ya kuyatumia mara ya pili badala ya kuyamwaga. Twaichukua Mkwaja kuwa mfano, lakini somo lenyewe ni la Mafia, Kilwa, Bagamoyo na Lamu vilevile. Hata msomaji wetu wa Dodoma au Shinyanga, ambaye hajapata kuiona bahari, atakuta sehemu yake humu.

Yafaa tuanze chini ya ardhi, kwani huko ndiko kwenye siri ambayo wengi hatukufundishwa shuleni. Mvua ikinyesha juu ya mchanga wa pwani, sehemu yake hutelemka polepole mpaka ikutane na maji ya bahari, ambayo nayo yamepenya chini ya nchi kavu kutoka upande wa ufuko. Hapo maji hayo mawili hayachanganyiki upesi. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa gramu 1,000. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Tofauti ni ndogo, lakini yatosha. Maji matamu hukaa juu ya yale ya chumvi, kama malai yakaavyo juu ya maziwa yaliyotulia.

Wataalamu wawili wa Ulaya, Mholanzi mmoja mwishoni mwa karne ya 19 na Mjerumani mmoja mwaka 1901, walifanya hesabu ya jambo hilo, kila mmoja kwa njia yake, wakafikia jibu lilelile. Kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Mwenye kisima akisikia hivyo atafurahi, maana yaonekana kama hazina isiyo na mwisho. Lakini na aigeuze hesabu aitazame upande wa pili. Akiteka kwa nguvu mpaka usawa wa maji kisimani ushuke nusu mita tu, basi maji ya chumvi yaliyo chini huelekea kupanda mita 20 kuyafuata. Hayapandi siku hiyohiyo. Huchukua muda, ndiyo maana hatuoni uhusiano wa kosa na adhabu yake. Mtu hufunga pampu kubwa mwaka huu, maji yakatoka matamu, akasifiwa na jirani zake wote. Na miaka kadhaa baadaye kisima kinapoingia chumvi, watu husema kwamba ni mkosi au ni hasira ya mtu fulani.

Twasema wazi, kwa kuwa jambo hili limewagharimu watu fedha nyingi: karibu na bahari, kuchimba kirefu zaidi si dawa ya kisima kilichopungua. Mara nyingi ndiko kuharibu. Afadhali visima vingi vifupi, vilivyo mbalimbali, vinavyotekwa kidogo kidogo na kupewa nafasi ya kupumzika usiku, kuliko shimo moja refu lenye mashine isiyolala. Wazee wa pwani walijua hivyo bila ya kuwa na vitabu. Na kisima kikiisha kuingia chumvi, hakitengenezwi kwa kuchotwa maji yote wala kwa kutiwa dawa. Hungojea mvua za miaka mingi ziisukume chumvi irudi ilikotoka.

Sasa watu wa mwambao huu wanaongezeka. Barabara ya lami ya kuunganisha Tanga, Pangani na Bagamoyo inaifungua nchi ambayo zamani ilikuwa mbali na kila kitu. Twashukuru kwa barabara hiyo, kwa maana mgonjwa atafika hospitali na samaki atafika sokoni kabla hajaoza. Hata hivyo, barabara huleta nyumba za wageni, na nyumba za wageni huleta mabafu, mabwawa ya kuogelea na bustani za maua. Mgeni mmoja hotelini aweza kutumia kwa siku moja maji ambayo yangeitosha jamaa nzima ya wavuvi. Kama maji hayo yote yatavutwa kutoka safu ileile nyembamba ielea juu ya chumvi, atakayekuwa wa kwanza kuonja uchungu wake si mgeni.

Tena upande wa kaskazini upo Mto Pangani, ambao maji yake huanzia Kilimanjaro na Meru, yakapita katika bwawa la Nyumba ya Mungu na katika mitambo ya umeme ya Hale, uliofunguliwa mwaka 1964, na ya New Pangani Falls ya mwaka 1995. Wakulima wa mabondeni huuteka njiani, nao wana haki yao. Lakini mto ukifika mlangoni mwake umepungua nguvu, bahari huingia ndani ya mto badala ya mto kuingia baharini, na wakazi wa kingo zake huona chumvi mahali palipokuwa na maji baridi. Kwa hiyo mtu wa pwani hubanwa pande mbili: chini ya miguu yake na mlangoni mwa mto.

Msomaji atauliza, Je, serikali iko wapi? Ni swali la haki. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 ambao shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi mahali pasipozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulipita. Mpango ule haukuwa upumbavu. Visima vilichimbwa na mabomba yalilazwa vijijini, lakini mashine nyingi ziliharibika wala hapakuwa na fundi, vipuri wala mafuta, na wanakijiji waliambiwa kwamba mali hiyo si yao ya kuitunza. Mwaka 2019 iliundwa RUWASA, wakala wa kushughulikia maji ya vijijini, na sheria ya mwaka huo inaweka vyombo vya wananchi wenyewe vya kusimamia maji. Twaona hiyo ni njia iliyo bora zaidi. Huko Tanga mjini, mwaka 2024 mamlaka ya maji iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua mitambo yake, na watu wakajitokeza kununua kupita kiasi kilichoombwa. Fedha zipo, basi, pale wenye fedha waonapo faida. Mkwaja haina kitu cha kuwavutia wanunuzi wa hatifungani. Kwa hiyo yatupasa kuendelea kuidai haki ya vijiji bila ya kuchoka, na wakati uleule kufanya yaliyo katika uwezo wa mikono yetu, maana mtoto hawezi kungoja bomba.

Na lililo katika uwezo wetu kuliko yote liko juu ya vichwa vyetu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati, hutoa lita moja ya maji. Katika sehemu za Saadani na Mkwaja hunyesha milimita 900 hivi kwa mwaka, kwa masika na vuli. Nyumba ya bati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5 ina paa la mita 50 za mraba. Kwa hiyo juu yake huanguka lita 45,000 kila mwaka. Toa sehemu moja ya tano, ambayo hurukia nje, hukauka au humwagwa kwa kusafishia paa: zabaki lita 36,000. Ndiyo kusema ndoo 1,800 za lita 20. Mama wa nyumba hiyo amezipoteza ndoo 1,800 zilizoletwa mlangoni pake bila malipo, kisha akaenda na ndoo kichwani kutafuta nyingine.

Najua, tutajibiwa, lakini tangi la kuweka maji yote hayo liko wapi? Jibu letu ni kwamba halihitajiki. Kosa la wengi ni kutaka maji ya mvua yafanye kila kazi, wakaona gharama, wakaacha yote. Yafaa kuyagawa maji kwa heshima yake. Mtu mmoja hahitaji zaidi ya lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupika. Jamaa ya watu sita yahitaji lita 30. Kiangazi kirefu, tangu mwisho wa masika hadi vuli, tuseme ni siku 100: hesabu yake ni lita 3,000 tu. Tangi la saruji lililosukwa kwa waya, lenye upana wa mita moja na nusu na kimo cha mita moja na sentimita 70, lachukua kiasi hicho. Fundi wa kijiji akionyeshwa mara moja hulijenga. Maji hayo na yawe ya kinywa na chungu, yasiguswe kwa kazi nyingine. Maji ya kisima, hata yakiwa na chumvi kidogo, na yafue nguo na kusafisha nyumba. Hapo kisima nacho kitapumzika, na chumvi itakaa chini.

Kwa nyumba za makuti jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa maji yake hushuka na rangi na takataka. Lakini kila kijiji kina paa kubwa la bati: shule, zahanati, msikiti, kanisa la kigango. Mara ngapi tumejenga kigango, tukachangishana kwa ajili ya mabati, misumari na kengele, tukasahau mfereji wa kukingia maji! Mfereji huo na tangi lake havikuwa na gharama kubwa kuliko kengele. Twasema hivi bila ya kumlaumu mtu, maana nasi tumo.

Hata wenye mifugo walilijua jambo hili. Kampuni ya mkonge ya Amboni ilipoanzisha ranchi yake ya Mkwaja katika miaka ya 1950, ili wafanya kazi wa mashamba wapate nyama, haikutegemea visima. Ilifanya malambo ya kuzuia maji ya mvua kwa ajili ya ng'ombe. Ndorobo waliishinda biashara ile, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Ng'ombe hawako tena, na siku hizi ni wanyama wa porini wanaokunywa katika malambo yaliyobaki.

Tugeukie sasa usafi, kwa maana maji matamu si lazima yawe maji salama. Hapa twaomba wazazi wasome polepole.

Chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha maji ya chumvi, mvuke utaondoka na chumvi itabaki sufuriani, nayo yatazidi ukali. Jua ndilo liwezalo kazi hiyo bila kuni. Mashamba ya chumvi ya mwambao huu hutumia jua kukausha maji ili chumvi ibaki. Tukiweka kioo cha mshazari juu ya karai jeusi lenye maji ya bahari, mvuke utagusa kioo, utageuka matone, na matone yatatelemka katika mfereji yakiwa matamu. Mita moja ya mraba ya kioo hutoa lita 3 hadi 5 kwa siku ya jua kali, si zaidi. Yatosha kumnywesha mtu mmoja, hayatoshi kulisha kijiji. Mitambo mikubwa ya kuchuja chumvi kwa nguvu ya jua ipo. Huko Kiunga, kaskazini ya Lamu, umewekwa mmoja mwaka 2018. Ni kazi njema, ila yahitaji fundi na vipuri, na mahali pa kutupa maji makali yanayobaki. Tulikwisha kuona habari ya vipuri.

Vijidudu vya ugonjwa ni jambo jingine, na hivyo kuchemsha huviua. Maji yakitokota sawasawa kwa dakika moja yametosha. Hakuna haja ya kuyaacha motoni robo saa na kuzimaliza kuni. Asiye na kuni na ayajaze katika chupa nyeupe za plastiki, zisizozidi lita 2, azilaze juani juu ya bati kwa saa 6. Kukiwa na mawingu mazito, siku 2. Lakini sharti maji yawe maangavu. Yakiwa na tope, mwanga wa jua haupenyi, na kazi yote ni bure. Dawa ya klorini nayo hushindwa na tope.

Na hapa Mungu ametuwekea pwani mti ambao wengi huupita wakienda kununua dawa dukani: mlonge. Mbegu zake zilizokauka, zikimenywa na kutwangwa, unga wake hukamata vumbi na tope lililomo majini na kulishusha chini. Kwa ndoo ya lita 20 hutosha vijiko viwili vidogo vya unga, yaani gramu 2 hivi. Koroga unga kwanza katika kikombe cha maji safi, uchuje kwa kitambaa, umimine ndooni. Koroga upesi kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika 5 hadi 10, uyaache maji yatulie saa moja au mbili. Maji ya juu yatakuwa maangavu. Hayajawa salama bado. Yapeleke motoni au juani. Wasomaji wetu watakumbuka katika Kitabu cha Kutoka jinsi Waisraeli walivyofika Mara, wakakuta maji machungu, na Musa akaonyeshwa mti wa kutia majini. Hatusemi kwamba mti ule ulikuwa mlonge, wala mlonge hautoi chumvi. Ila twaona kwamba msaada ulikuwa umesimama karibu na wenye kiu, wao wakinung'unika.

Basi maji yamekingwa, yamesafishwa, yametumika. Je, kazi yake imekwisha? Hapa ndipo penye mazoea mabaya kuliko yote. Maji yaliyooshea mchele, yaliyosuzia nguo, yaliyomwosha mtoto, humwagwa uani, yakafanya tope na kuzaa mbu, huku mgomba ulio hatua kumi kutoka hapo unakauka. Nyumba itumiayo lita 120 kwa siku huweza kupata lita 50 au 60 za maji ya namna hiyo. Yafanyieni njia: chimbeni shimo la kina cha mkono mmoja, jazeni kokoto chini, kisha changarawe, kisha mchanga, na pandeni pembeni migomba na mipapai. Maji yatachujika, mizizi itakunywa, na uwanja utakauka.

Lakini kuna masharti. Maji hayo yasihifadhiwe zaidi ya siku moja, maana huoza na kunuka. Yasimwagiliwe mchicha, nyanya wala mboga yoyote iguswayo nayo na kuliwa bila kupikwa. Maji yaliyofulia nepi za mtoto au nguo za mgonjwa yasiingie humo kabisa. Sabuni nyingi za unga zina chumvichumvi ambayo hujikusanya udongoni. Kwa hiyo masika inapofika, acheni mvua iuoshe udongo, na maji ya sabuni myaelekeze kwenye minazi, ambayo huvumilia. Na shimo la choo lisiwe karibu na kisima kuliko mita 30. Mchangani hata umbali huo hautoshi, na ni heri kuzidisha.

Wengine watakunja uso. Maji ya kuogea kumwagilia chakula! Ndugu zetu, hakuna maji mapya duniani. Maji aliyokunywa Ibrahimu yangali yakizunguka kati ya bahari na mawingu. Tofauti yetu na mawingu ni subira na usafi wa kazi. Huko Moshi, ambako chanzo cha Mto Pangani hakiko mbali, majitaka ya mji hupelekwa katika mabwawa yaliyofuatana. Katika la kwanza uchafu mzito huzama na kuozeshwa pasipo hewa. Katika yanayofuata jua, upepo na majani madogo ya majini humaliza kazi, mayai ya minyoo yakazama na vijidudu vikafa. Hakuna mashine ndani yake, ni muda tu. Maji yanayotoka mwisho huchukuliwa na wakulima kumwagilia mpunga. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo mwaka 1989 cha maji ya namna hiyo: yasiwe na zaidi ya yai moja la minyoo katika lita. Twasisitiza kipimo, kwa kuwa mkulima asimamaye ndani ya jaruba kwa miguu mitupu ana haki ya kujua kilichomo majini. Mahali ambapo mabwawa yamejaa tope na hayazolewi, mtu huyo ndiye anayelipa.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mji wa Windhoek huko Namibia, ulio katikati ya nchi kame, tangu mwaka 1968 husafisha majitaka yake hadi kuwa maji ya kunywa na kuyarudisha mabombani. Ulikuwa wa kwanza ulimwenguni kufanya hivyo. Singapore, kisiwa chenye fedha na mvua nyingi, ilifuata mwaka 2003. Hatusemi Mkwaja ifanye ya Windhoek. Mitambo ile ni ya gharama na yahitaji wapimaji kila saa. Twataja ili ijulikane kwamba Waafrika walitangulia.

Pwani yetu ni nchi ya ndugu Waislamu kwa sehemu kubwa, na Wakatoliki wa vigango vyake ni wachache. Twafurahi kusema kwamba katika jambo hili hatuna la kubishana. Maji ya udhu ni karibu safi kabisa, hayana sabuni wala mafuta, na msikiti mmoja humwaga mapipa kadhaa kila Ijumaa. Yakifanyiwa mfereji, yatakuza miti ya matunda. Hata habari ya majitaka yaliyosafishwa, baraza la maulamaa wakuu wa Saudi Arabia lilitoa hukumu mwaka 1978 kwamba maji yakirudishiwa rangi, ladha na harufu yake ya asili, unajisi wake umeondoka. Tangi la kijiji halina dini. Padri, katekista na imamu wakikaa pamoja kuamua mahali pa kulijenga, nusu ya ugomvi umekwisha kabla haujaanza. Na tunajua kutokana na habari za Isaka na wachungaji wa Gerari ni mara ngapi kisima kimoja kimegeuka vita.

Wala Kanisa si mgeni katika kazi hii. Katika Jimbo la Nakuru huko Kenya, ambako maji ya ardhini yana madini ya floridi yaharibuyo meno na mifupa ya watoto, wataalamu wa jimbo walianza mwaka 1998 kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa. Vitu viendavyo jalalani vikawa dawa. Watu wa Arusha na Meru, wenye taabu ileile, wanaelewa maana yake. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa sababu pasipo maji haki nyingine zote hazina mwenye kuishi kuzidai. Kwa maneno mengine, mwenye pampu kubwa na mwenye ndoo ya kamba wanateka mali ya pamoja. Hoteli iombayo kuchimba kisima pwani yapasa kuulizwa hadharani itavuta kiasi gani, itakinga mvua kiasi gani juu ya paa zake, na maji yake machafu yatakwenda wapi. Halmashauri ya kijiji ina haki ya kuuliza hayo kabla ya kutia sahihi, na waamini walio wajumbe wasiogope kuonekana wanazuia maendeleo. Mara nyingi walio na hofu hiyo ni wanaume. Kama wanawake wangeulizwa, swali la maji lingekuwa la kwanza.

Basi tumalizie na kazi yenyewe. Masika huanza Machi, karibu na siku ambazo Kanisa hubariki maji katika Mkesha wa Pasaka. Mifereji na itundikwe kabla, tuseme mwezi wa Februari, wakati mafundi hawana kazi nyingi na mabati ni makavu. Mvua ya kwanza isiingizwe tangini: na imwagwe, kwa kuwa inachukua vumbi, majani na mavi ya ndege yaliyojikusanya tangu Desemba. Tangi lifunikwe, mdomo wake ufungwe chandarua, na bomba la kutekea liwe juu ya sakafu kwa kimo cha kiganja, ili tope la chini lisichotwe.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na kina mama wa WAWATA twawaomba jambo moja zaidi, lisilogharimu kitu. Nunueni daftari. Kila mwanzo wa mwezi kijana mmoja ajuaye kuandika azungukie visima vya kijiji na kamba yenye mafundo. Aandike tarehe, kina cha maji, na ladha: matamu, yana chumvi kidogo, yana chumvi. Miaka miwili ya daftari hilo itawaonyesha ni kisima kipi kinachovutwa kupita kiasi kabla hakijaharibika, na siku atakapokuja mhandisi wa RUWASA au mwenye hoteli na ramani zake, mtakuwa na karatasi ya kuweka mezani.